Sanduku Namba Kumi na Saba

Bahasha ni moja tu, rangi ya chai iliyopoa,
stempu ilibanduliwa na mtoto aliyependa picha.
Nyuma, kwa wino uliotawanyika:
*Mbwana Mwagutu, S.L.P. 17, Muheza.*

Basi nikaenda Muheza.

Karani akafungua kompyuta, akaniuliza kata.
Nikamtajia Kwagutu.
"Huko si kwetu tena, mama. Ni Mkinga.
Wilaya ile tuliizaa sisi, ikaondoka na majalada yake."
Mkinga nao: yaliyokuja ni ya mashamba,
ya watu yalibaki kwa mzazi.
Nauli ya kwenda na kurudi, mara tatu.
Kila ofisi ilinipa kiti,
ikanionyesha mlango wa nyingine.

Shangazi Mwanasha alicheka hadi akashika mbavu.
Walizaliwa saba, wote Kwagutu, wote kitanda kimoja cha kamba
ila wa mwisho.
Watatu vyeti vinasema Tanga. Wawili, Muheza.
Mmoja hana cheti, ana kovu la chanjo begani.
Na baba yangu, aliyezaliwa zahanati ya shamba la mkonge,
kaandikwa jina la shamba,
kana kwamba alizaliwa na Kampuni.

Kisha ikaja operesheni.
Mwaka wa sabini na nne nyumba zilibebwa kichwani,
milango kwanza, maana mbao ni ghali,
hadi kando ya barabara, pakaitwa Umoja.
Jina la Kwagutu likaachiwa minazi.
Gutu alikuwa mtu.
Hilo hakuna aliyeliandika popote.

Mwaka juzi vijana wa anwani za makazi
wakapigilia kibao kwenye mlango uleule uliobebwa:
namba sita, Mtaa wa Mkuyuni.
Hakuna mkuyu.
Na mpaka wa kata, wanasema, umepita uani kwake:
Shangazi analala kata hii, anapika kata ile.
"Nikifa," aliniambia akipepeta mchele,
"nifie chumbani. Huku jikoni
mtazungushwa sana na kibali cha mazishi."

Nikalirudia sanduku.
Moyoni nilikuwa nimelijengea kizingiti,
kisima, mbuzi amefungwa.
Nikakuta tundu la bati kwenye ukuta wa posta,
upana wa mkate, kitasa kimeshika kutu.
Humo babu yangu alikaa miaka ishirini
pamoja na koo kumi na nne nyingine,
maana sanduku lilikuwa la duka la Nanji,
aliyeuza chumvi na mafuta ya taa
na kuazima anwani bure.

Mjukuu wa Nanji bado yupo, anauza vocha.
Alipanda ngazi, akashusha daftari la mikopo,
akamkung'uta mende.
Ukurasa wa tisini na mbili, penseli:
*Mke wa Mbwana.* Imekatwa.
Juu yake, kwa mkono uleule, polepole zaidi:
*Mwanamkuu binti Shekue.
Barua 1. Kaniki 1. Deni sh. 3/60.*

Sisi tulimwita Bibi mpaka tukamzika.
Kaburini tuliandika Bibi.
Nami nasimama dukani, namsikia akikataa,
miguu ina vumbi la maili tisa, kaniki imekunjwa kwapani:
futa hiyo, nina jina.

Nikatoa noti ya elfu kumi, nilipe deni lake.
Yule kijana akaufunika ukurasa kwa kiganja.
"Ukilipa, mama, itabidi nimpige mstari.
Utaratibu wa babu: aliyelipa hukatwa."

Nikairudisha noti mkobani.
Ilitosha nauli ya Korogwe na chenji.
Shekue si jina la pwani.